Kupima kwa mafungu: maana yake, na jinsi Rwanda ilivyokutumia wakati wa korona

Kupima kwa mafungu ni kuchanganya sampuli za watu kadhaa na kuzipima kana kwamba ni sampuli moja. Mchanganyiko ukionekana hauna virusi, wote waliomo wanaruhusiwa kwa kipimo hicho kimoja. Ukiwa na virusi, ndipo maabara inarudi kutafuta ni nani kati yao.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1943 Robert Dorfman, Mmarekani, alilipendekeza kwa ajili ya kutafuta kaswende miongoni mwa vijana waliokuwa wakiandikishwa jeshini. Hesabu yake ni ya wazi. Chukua watu 100, mmoja tu kati yao ameambukizwa, uwagawe mafungu 10 ya watu kumi kumi. Unapima mafungu 10, moja linaonyesha virusi, unawapima mmoja mmoja wale 10 wa fungu hilo. Jumla vipimo 20 badala ya 100.

Rwanda ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 14 Machi 2020, na wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 21, nchi nzima ikafungwa. Masharti yakaanza kulegezwa tarehe 4 Mei. Lakini kufungua nchi bila kujua virusi viko wapi ni kutembea gizani, na siku hizo vitendanishi vya PCR, yaani kemikali za kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, vilikuwa vikigombaniwa dunia nzima, wenye fedha wakitangulia. Wakati huohuo malori yalikuwa lazima yapite, kwa kuwa Rwanda haina bahari na mizigo yake mingi hutoka bandari ya Dar es Salaam ikiingilia Rusumo, mpakani na Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa Aprili sehemu kubwa ya maambukizi mapya ilikuwa ya madereva na utingo wao. Watu wa kupimwa walikuwa wengi, wagonjwa kati yao wachache, na vifaa haba. Kupima kwa mafungu kunafaa hasa katika hali kama hiyo.

Profesa Léon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda na mwanahisabati Wilfred Ndifon wa AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, wakiwa na wenzao, hawakuishia kwa Dorfman. Utafiti wao, uliochapishwa katika jarida la Nature, uliyapanga mafungu kwa umbo la mchemraba, ili mtu mmoja awemo katika mafungu kadhaa kwa mpigo.

Tuseme una mirija 27, kila mmoja ukiwa na sampuli ya mtu mmoja. Ipange katika sinia tatu, A, B na C, kila sinia likiwa na mistari 3 na safu 3. Sasa kila mrija una anwani yake: sinia gani, mstari wa ngapi, safu ya ngapi. Kwanza changanya kidogo kutoka mirija yote 27 na upime mara moja. Ikiwa maambukizi ni mtu 1 kwa 100, basi takriban mara tatu kati ya nne kipimo hicho kitakuwa safi, na kazi ya watu 27 imekwisha. Kisipokuwa safi, tengeneza mafungu tisa: matatu kwa sinia, matatu kwa mstari (mstari wa 1 wa sinia zote tatu ni fungu moja, na kuendelea), matatu kwa safu. Kila fungu lina sampuli 9, na yote tisa yanaingia kwenye mashine kwa pamoja. Yakionyesha virusi fungu la sinia B, la mstari wa 3 na la safu ya 1, kuna mrija mmoja tu duniani wenye anwani hiyo. Umempata bila kumpima mtu yeyote peke yake. Kwa kiwango hicho cha maambukizi, njia hii inatumia vipimo kama 12 kwa kila watu 100, ambapo ile ya Dorfman yenye mafungu ya kumi inatumia karibu 20.

Mpangilio huu pia unajikagua wenyewe. Ikitokea sinia B ina virusi lakini hakuna mstari hata mmoja wenye virusi, ujue kuna kosa: pengine mrija ulirukwa, au kimiminika kilichotiwa kilikuwa kidogo mno. Wakiwepo wagonjwa wawili, anwani huchanganyikana. Ukipata sinia A na B, mistari ya 1 na 3, safu ya 2 peke yake, mirija inayoshukiwa ni minne, na hiyo minne inapimwa mmoja mmoja. Hali mbaya kabisa kwa wagonjwa wawili ni mirija minane.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasigawe fungu nusu kwa nusu hadi wamfikie mgonjwa. Kugawa hivyo kunaokoa vipimo zaidi, lakini kila hatua inasubiri majibu ya hatua iliyotangulia, na PCR huchukua saa kadhaa. Kwa watu 81 zingehitajika hatua sita au saba, na siku zote hizo mgonjwa yuko mtaani au barabarani na lori lake. Kwa ugonjwa unaoambukiza kwa kasi ile, saa zilizopotea zilikuwa na gharama kubwa kuliko vitendanishi. Naona huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika kazi yao.

Udhaifu mkubwa wa mafungu ni kuzimuliwa, yaani virusi vya mmoja kupungua nguvu vikichanganywa na sampuli za wengine. Mashine ya PCR hurudufu vinasaba vya kirusi, kila mzunguko mara mbili, mpaka vionekane. Kadiri virusi vilivyo vichache ndivyo mizunguko inavyokuwa mingi. Ukichanganya sampuli moja yenye virusi na nane safi ukapata fungu la 9, unaongeza mizunguko kama 3. Fungu la 27 linaongeza karibu 5, na la 100 kama 6 na nusu. Maabara nyingi huishia mzunguko wa 40 hivi. Kwa hiyo mtu ambaye peke yake angeonekana mzunguko wa 25, ndani ya fungu la 27 ataonekana wa 30, bila shida. Wa mzunguko wa 37 angehitaji 42, na atapita bila kuonekana. Watafiti wa Rwanda walionyesha kwamba sampuli yenye virusi inaweza kugunduliwa hata ikizimuliwa mara 100, ila hilo linategemea wingi wa virusi alivyonavyo mtu.

Huyo wa 37 huwa mtu wa aina mbili. Yupo anayemalizia kupona, ambaye hana hatari kubwa tena, na yupo aliyeambukizwa juzi, ambaye kesho kutwa atakuwa na virusi tele. Wa pili ndiye wa kuogopwa. Dawa yake ni kulipima kundi lilelile tena baada ya siku chache. Mtu akiambiwa fungu lake ni safi, asilichukue jibu hilo kama cheti cha wiki nzima.

Mahali pa kuchanganyia nako kuna uzito wake. Ukitumbukiza vijiti vilivyochukulia sampuli za watu kumi katika mrija mmoja umeokoa kila kitu, lakini fungu likionyesha virusi itabidi uwaite wote kumi uchukue sampuli upya. Ukichanganya baada ya kutoa vinasaba, umeokoa vitendanishi vya PCR tu. Vile vya kutolea vinasaba vimeshatumika kwa kila mtu. Njia ya katikati ndiyo bora: kila mtu ana mrija wake wenye mililita 2 au 3 za kimiminika, fundi wa maabara anachota kidogo kwa pipeti na kuchanganya, na kinachobaki kinatunzwa kwenye baridi. Kwa mchemraba, mrija huohuo unachotwa mara nne, mara moja kwa fungu kubwa na mara tatu kwa mafungu madogo. Kila uchotaji ni nafasi ya kukosea, ndiyo maana namba ya mrija husomwa kwa mashine badala ya kuandikwa kwa mkono.

Mwisho kuna suala la wingi wa wagonjwa. Januari 2021 maambukizi yalipanda na Kigali ikafungwa tena kuanzia tarehe 19. Katika wimbi la namna hiyo mafungu makubwa hayasaidii, kwani karibu kila moja lina mgonjwa. Kwa njia ya Dorfman, wakiwa na virusi watu 10 kwa 100, mafungu ya kumi yanahitaji vipimo 75. Ukiyapunguza yawe ya wanne wanne vinashuka hadi 59. Wakifika 30 kwa 100, mafungu ya kumi yanakula vipimo 107, na hata ukichagua mafungu ya watatu watatu utatumia 99. Hapo kila mrija upimwe peke yake.