Pete nyeusi kwenye MRI ya mlango wa kizazi

Picha za MRI (kipimo cha sumaku) za saratani ya mlango wa kizazi ninazisoma kwa kuanza na pete. Kwenye T2, aina ya picha ambayo majimaji hung'aa, ukuta wa mlango huonekana kama pete nyeusi, na uvimbe ulio ndani yake huwa wa kijivu. Pete ikiwa nzima pande zote, ni nadra sana saratani kuwa imeingia tishu za kando. Ikikatika na uvimbe ukachomoza nje, hiyo ni hatua ya IIB, yaani saratani imeingia tishu za kando, na kwa kawaida matibabu huwa mionzi pamoja na kemo badala ya upasuaji.

Pete hiyo huharibiwa na pembe mbaya. Radiografa, anayepiga picha, apige kwanza T2 ya ubavuni, autafute mfereji wa mlango wa kizazi, kisha apange vipande vya milimita 3 hadi 4 vinavyoukata mfereji huo kwa nyuzi 90. Akifuata mwili wa mgonjwa badala ya mfereji, pete hukatwa mshazari na huonekana imechanika ilhali ni nzima. Mama anaweza kunyimwa upasuaji uliomfaa kwa sababu ya pembe tu.

Uvimbe mkubwa huzungukwa na majimaji, na kwenye T2 majimaji hayo hufanana na saratani iliyotoka nje. Hapo ndipo difyusheni, picha inayoonyesha jinsi maji yanavyosogea ndani ya tishu, inaposaidia: hupigwa kwa nguvu ya kipimo iitwayo b, kwanza b 0, kisha 800 au 1000. Saratani hung'aa kwenye b ya juu na kuwa nyeusi kwenye ADC, ramani inayokokotolewa kutoka picha hizo za difyusheni. Kinachong'aa kwenye zote mbili si saratani, ni majimaji. Msisome difyusheni bila ADC, tafadhali.

Biopsi, yaani kukata kipande cha tishu cha kupimwa, pia huacha damu na uvimbe wa jeraha, kwa hiyo MRI ingoje siku 7 hadi 10. Najua nauli ya kutoka Busia au Homa Bay hadi Kisumu ni mzigo, na kuunganisha safari kunavutia. Afadhali MRI itangulie biopsi ya kurudiwa kuliko kuifuata kesho yake.

Mgonjwa asile kwa muda wa saa 4 hadi 6, na kibofu kiwe nusu. Dawa ya hayosini miligramu 20 hutuliza matumbo, ila kwanza aulizwe kuhusu glakoma (presha ya macho) na ugonjwa wa moyo. Gesi kwenye puru hupinda picha za difyusheni, basi ahimizwe kwenda choo kikubwa mapema.

Tezi za limfu ndizo ngumu zaidi huku kwetu. Kipimo cha milimita 10 kwa upande mfupi hukosa saratani iliyo kwenye tezi ndogo, na tezi isiyo na saratani pia hung'aa kwenye difyusheni. Halafu kuna VVU, ambavyo peke yake huvimbisha tezi. Mimi hutazama umbo la duara, kingo zisizo laini na katikati iliyooza kabla ya kuandika IIIC1 kwa tezi za nyonga, au IIIC2 zikiwa kando ya aota, mshipa mkuu wa damu. Picha zipande hadi kwenye figo: figo iliyojaa maji kwa sababu ya uvimbe ni IIIB.

Ripoti itaje kipimo kikubwa zaidi cha uvimbe, kwa maana mfumo wa hatua za saratani wa 2018 wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, hugawa hatua ya IB, ya saratani iliyo ndani ya mlango tu, kwa sentimita 2 na 4. Ukuta wa kibofu uliovimba maji tu hautoshi kuandika IVA, hatua ya saratani iliyoingia kibofu au puru. Lazima saratani ifike utando wa ndani, na ithibitishwe kwa kamera na biopsi.