Je, wajua kwa nini watoto wa katuni za mashujaa wanakua kwa kusuasua?

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ubishi wa timu zetu za mpira, Coastal Union na African Sports, ukipoa, vijana huhamia kwa Batman na Spider-Man. Juzi mmoja wa kidato cha kwanza, ana kitabu cha katuni cha mtumba mkononi, akaniuliza: "Mjomba, huyu Robin, msaidizi wa Batman, baba alimkuta mtoto, na mimi namkuta mtoto. Hakui?"

Anakua, ila Robin aliyekutwa na baba yake siye huyu anayemkuta yeye.

Robin wa kwanza, Dick Grayson, alitokea mwaka 1940, mwaka mmoja tu baada ya Batman. Alikuwa mtoto wa wanasarakasi, yatima, na kazi yake kubwa ilikuwa kumpa Batman mtu wa kuzungumza naye. Akabaki kijana mdogo karibu miaka 30. Desemba 1969 hatimaye akafunga mizigo kwenda chuo kikuu. Toleo lile linagusa: Batman na mtumishi wake Alfred wanaifunga nyumba kubwa na pango lake, wanahamia ghorofani katikati ya mji, kwa sababu kijana ameondoka. Mwaka 1984 Dick akavaa vazi jipya na jina jipya, Nightwing, akawa mtu mzima anayejitegemea.

Lakini jina la Robin linauza, na wenye kampuni hawakukubali lilale. Akaletwa Jason Todd, ambaye wasomaji wengi hawakumpenda. Mwaka 1988 wakapigishwa kura kwa simu, afe au apone: 5,343 walitaka afe, 5,271 walitaka apone. Akauawa. Mwaka uliofuata akaingia Tim Drake. Kiti kilekile, mtoto mwingine.

Kwa nini hila zote hizi? Kwa sababu ukimkuza mtoto, umemzeesha na mkubwa wake. Batman ni mali ya kampuni, si ya mwandishi mmoja, na kila kizazi cha wasomaji wapya lazima kimkute bado ana nguvu zake. Mtu mzima ni rahisi kumficha umri: Iron Man alijeruhiwa Vietnam katika hadithi ya 1963, baadaye ikasimuliwa upya kuwa ilikuwa Afghanistan, na maisha yakaendelea. Mtoto hafichiki. Akiota ndevu, msomaji anaanza kupiga hesabu.

Ndiyo maana Franklin Richards, mtoto wa wazazi wawili wa kundi la mashujaa la Fantastic Four, aliyezaliwa 1968, aliendelea kuwa mtoto kwa miongo kadhaa. Angefikisha miaka 30, baba yake angekuwa mzee wa kutafutiwa mkongojo.

Spider-Man aliruhusiwa kukua mwanzoni. Peter Parker, ndilo jina lake halisi, alianza 1962 akiwa na miaka 15, akamaliza sekondari 1965, akaoa 1987. Hapo wakubwa wa kampuni wakaona ndoa inamzeesha, na mwaka 2007 ikafutwa kwa mkataba na shetani, kana kwamba haikuwahi kufungwa. Mimi naona walimdhulumu msomaji aliyekua pamoja naye.

Lililoniuma zaidi ni la Jon, mtoto wa Superman. Alizaliwa katika hadithi ya 2015, wasomaji wakampenda akiwa na miaka 10 hivi. Mwaka 2018 akapelekwa angani na babu yake. Kwa wazazi zikapita wiki chache, yeye akarudi kijana wa miaka 17. Miaka yote ya balehe, ambayo ndiyo utamu wenyewe wa hadithi ya mtoto, ikarukwa.

Robin anayesomwa na kijana wetu ni Damian, mtoto wa kumzaa wa Batman. Aliingia 2006 akiwa na miaka 10; mwaka 2016 akatimiza 13. Miaka kumi ya msomaji, mitatu ya Damian. Kwa mwendo huo, kijana wetu atamaliza kidato cha sita kabla Robin hajafika umri wa kukianza.