Kuongeza mazoezi hakutibu distonia

Mpiga piano akilalamika kwamba kidole cha 4 na cha 5 (cha pete na cha mwisho) vinajikunja vyenyewe kuelekea kiganjani, huambiwa aongeze mazoezi. Hali hiyo huitwa distonia: ubongo unatuma amri mbovu, na misuli inajikaza bila mtu kutaka. Nimeusikia ushauri huo mara nyingi mno, na unaharibu mikono ya watu.

Tazama skeli ya C meja (noti zinazofuatana kutoka C hadi C) ikipanda kwa mkono wa kulia. Cha 3 kikitua kwenye A, cha 4 kinapaswa kuwa tayari juu ya B. Kwa mwenye distonia, wakati huo cha 4 kimeshajikunja: B inagongwa kwa ukucha au inakosekana kabisa, cha 5 kinachelewa, kifundo cha mkono kinainuka kufidia. Kwa kawaida hakuna maumivu. Mkono huohuo unafunga vifungo vya shati na kushika kalamu bila taabu. Basi si udhaifu! Ubongo umepoteza mipaka kati ya vidole jirani, na kurudia pasaji (kipande cha muziki) ileile kwa kasi ileile kunazidi kuikita amri mbovu. Kwa nini wawili wafanye mazoezi saa zilezile, augue mmoja tu? Hatujapata jibu, na kila nadharia ina matundu.

Leon Fleisher, mpiga piano Mmarekani aliyeshinda shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels mwaka 1952, alipatwa na distonia katikati ya miaka ya 1960, akiwa na miaka thelathini na kitu. Alifundisha, akaongoza okestra, akapiga kazi za mkono wa kushoto, ikiwemo konserto (kazi ya piano na okestra) ambayo mtunzi Ravel alimtungia mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia vitani. Miaka ya 1990 sindano za Botox, dawa inayolegeza misuli, zilimrudisha kwenye mikono miwili, na mwaka 2004 akatoa albamu. Watu husema alipona. Hakupona: ugonjwa ulibaki, akaishi nao hadi alipofariki mwaka 2020.

Sindano yenyewe huchomwa kwenye misuli ya kigasha inayokunja vidole, na mashine ya kupima umeme wa misuli husaidia kuupata msuli wenyewe. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa na hudumu kama miezi 3. Dozi ikizidi, au dawa ikivujia msuli wa jirani, kidole kinalegea kupita kiasi, na pianisimo (kupiga kwa sauti ndogo sana) ndiyo ya kwanza kupotea. Kwa hiyo usichome wiki moja kabla ya onyesho.

Mazoezi ya kurekebisha ni kinyume cha yale ya kawaida. Kama kidole kinaanza kujikunja metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa mapigo 80 kwa dakika, shuka hata hadi 50, mahali ambapo hakijikunji kabisa. Piga dakika chache, pandisha kidogokidogo kwa wiki nyingi, na kikijikunja tu, acha hapohapo. Wengine wakivaa glavu nyembamba ya mpira vidole vinatulia kwa muda, kwa sababu hisia za ngozi nazo zimo katika tatizo hili. Kwa wengine glavu haisaidii kitu, na hakuna njia ya kujua mapema ila kuijaribu.