Lishe ya mimea: kitoweo bila "tu"

Katika nyumba nyingi za Mombasa, asubuhi haijaisha swali limeshaulizwa: leo kitoweo ni nini? Jibu likiwa "mbaazi tu" au "mchicha tu", hilo "tu" limebeba mengi. Linasema kitoweo hasa ni nyama, kuku au samaki, na kwamba kunde ni za siku ambayo mfuko ni mtupu. Kwangu mimi, lishe ya mimea huanza pale "tu" inapoondoka.

Ni utaratibu wa kula ambao sehemu kubwa ya chakula hutokana na mimea: nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga, matunda, njugu na mbegu. Nyama, samaki, maziwa na mayai hupunguzwa au huachwa kabisa. Kiasi ni uamuzi wa mlaji. Kwa hiyo isichanganywe na uvegani, msimamo wa kutotumia chochote kitokanacho na mnyama, hata asali na ngozi, ambao wafuasi wake waliunda chama huko Uingereza mwaka 1944. Tena kuna majirani zetu Wajaini, wenye hekalu pale Langoni, ambao hawali nyama kwa sababu dini yao inawakataza kudhuru kiumbe. Wote hawa wanaweza kula pojo kutoka sufuria moja, kila mtu na sababu yake.

Wengi hukosea hapa: chipsi ni mimea. Viazi karai, mahamri, krispi za muhogo na soda havina mnyama ndani. Mtu anaweza kuacha nyama leo, akashindia vitu hivyo, na presha yake isishuke hata kidogo. Faida ya kiafya inatoka kwenye mimea iliyo karibu na umbo lake la asili, isiyozamishwa kwenye mafuta, chumvi na sukari.

Chukua mbaazi. Zina protini, na zikiliwa na wali hukamilishana: nafaka ina upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo kunde zinayo kwa wingi, na kunde zina upungufu wa methionini, kijenzi kingine, ambayo nafaka inayo. Zina nyuzinyuzi, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu na husaidia kushusha kolesteroli. Nyama haina nyuzinyuzi kabisa. Zilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, zichemshwe taratibu. Magadi huziivisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, kwa hiyo mimi nayakwepa.

Na tui? Nazi ni mmea, lakini mafuta yake mengi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya. Sitamwambia mtu wa Pwani aache nazi. Pika kwa tui jepesi, kisha mwishoni tia vijiko viwili vya kasimile, yaani tui zito la kwanza, vya kuleta ladha. Mbaazi zitabaki kuwa mbaazi za nazi.

Nyama nayo ina hesabu yake. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na smoki, katika kundi la visababishi vya saratani. Nyama nyekundu wakaiweka katika kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha.

Upande wa mazingira, ng'ombe, mbuzi na kondoo hutoa gesi ya methani wanapocheua, na gesi hiyo huhifadhi joto zaidi kuliko kaboni dayoksaidi. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na binadamu. Mbaazi hufanya kinyume: bakteria walio kwenye mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo, na mizizi hiyo hushuka chini sana, ndiyo maana mmea huvumilia ukame. Lakini tuwe waadilifu. Mfugaji wa Tana River anachunga kwenye ardhi ambayo mara nyingi haioteshi maharagwe bila maji ya kumwagilia. Mwito huu unatuhusu zaidi sisi tunaoingia sokoni Kongowea au Marikiti na kuchagua.

Madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha na kunde hufyonzwa vizuri zaidi yakipata vitamini C, basi kamulia kachumbari ndimu. Chai ya strungi, yaani isiyo na maziwa, isubiri saa moja hivi baada ya chakula, kwa sababu huzuia chuma hicho.

La kutochezewa ni vitamini B12. Mimea haina ya kutegemewa. Aliyeacha vyote vya mnyama lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, la sivyo damu na neva huathirika, pengine baada ya miaka, kwa kuwa ini huwa na akiba. Mjamzito na anayenyonyesha wasisubiri dalili. Mwenye kisukari anayetumia metformini kwa muda mrefu ana hatari zaidi, kwa sababu dawa hiyo pia hupunguza B12 mwilini. Amwombe daktari ampime kabla hajaacha samaki na mayai.