Kampaundi za metali zinazoiga usanisinuru

Kampaundi za metali zinazoiga usanisinuru ni kemikali zinazotengenezwa maabara, zenye atomu moja au kadhaa za metali, ambazo kazi yake ni ile ya jani la kijani: kunasa mwanga wa jua na kuihifadhi nguvu yake ndani ya kemikali. Jani huihifadhi katika sukari. Wakemia wengi wanaoshughulika na kampaundi hizi hutafuta hidrojeni, au fueli inayotokana na kaboni dioksaidi.

Metali haikubuniwa na wakemia hao. Imo ndani ya jani tangu zamani. Klorofili yenyewe, ile rangi ya kijani ya jani, ina atomu ya magnesi katikati. Lakini metali inayowashughulisha zaidi iko kwingine, kwenye protini kubwa iitwayo fotosistimu ya pili. Humo mna fundo la atomu kumi tu: manganisi nne, kalisi moja na oksijeni tano. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walilipiga fundo hilo kwa eksirei na kupata picha safi kiasi cha kujua kila atomu imekaa wapi, na umbo lake likaonekana kama kiti kilichopinda. Oksijeni ya hewani tunayovuta, karibu yote, imetokea kwenye mafundo ya namna hiyo.

Kwa nini metali? Jibu liko kwenye maji. Ili ipatikane molekuli moja ya oksijeni, molekuli mbili za maji lazima zinyang'anywe elektroni nne. Mwanga nao huja kwa chembe ziitwazo fotoni, mojamoja, na kila fotoni huhamisha elektroni moja tu. Kwa hiyo panatakiwa kitu kinachoweza kupoteza elektroni ya kwanza, kikangoja, kikapoteza ya pili na ya tatu bila kuvunjika, kisha baada ya ya nne kikajifidia zote kutoka kwenye maji kwa mkupuo. Manganisi inaweza, kwa sababu hukaa kwa utulivu ikiwa na chaji tofautitofauti. Molekuli za kikaboni peke yake huharibika mapema chini ya nguvu hiyo.

Hesabu hiyo ya nne imeshuhudiwa. Mwaka 1969 Mfaransa Pierre Joliot na wenzake waliweka sampuli za usanisinuru gizani, kisha wakazimulika kwa mimweko mifupi sana, mmoja baada ya mwingine, huku wakipima oksijeni. Mmweko wa kwanza haukutoa kitu, wa pili karibu na bure. Wa tatu ukatoa oksijeni kwa wingi. Kilele kilichofuata kilikuwa kwenye mmweko wa saba, kisha wa kumi na moja. Mwaka 1970 Bessel Kok alieleza sababu: fundo hupanda hatua kwa hatua hadi elektroni nne zitimie, na likikaa gizani hutulia likiwa tayari limeshapanda hatua moja. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri kabisa katika biokemia.

Anayetaka kuiga anahitaji sehemu tatu: kinasa mwanga, kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika) cha kutoa oksijeni kwenye maji, na kichocheo cha kuzipokea elektroni zilizopatikana na kutengeneza fueli. Kinasa mwanga kinachotumika sana ni atomu ya metali iitwayo rutheni, iliyozungukwa na molekuli tatu za kikaboni ziitwazo bipiridini. Hunyonya mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450. Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Mwaka 1982 kundi la Thomas Meyer, North Carolina, Marekani, lilionyesha kampaundi yenye atomu mbili za rutheni zilizounganishwa na oksijeni, inayotoa oksijeni kwenye maji bila protini yoyote. Ilikwenda polepole na ilichakaa upesi, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Ilipofika 2012, kundi la Licheng Sun, Stockholm, lilikuwa na kichocheo cha rutheni kinachorudia kazi hiyo zaidi ya mara 300 kwa sekunde, kasi inayolingana na ya jani.

Hapo msomaji awe makini. Kasi hiyo ilipimwa kwa kutumia kemikali ya metali iitwayo seri, inayopora elektroni kwa nguvu, si kwa mwanga wa jua. Kichocheo kilikuwa kimeiga nusu ya kazi. Kukiunganisha na kinasa mwanga kisha vyote vidumu ni shughuli nyingine.

Kudumu ndiko ninakokuona kuwa mtihani wenyewe. Hata jani halisalimiki: protini iitwayo D1, inayolishikilia fundo la manganisi, huungua kwa mwanga mkali na kubadilishwa kila baada ya nusu saa hivi. Jani hushinda kwa kujikarabati. Ndiyo maana kazi ya Daniel Nocera na Matthew Kanan ya mwaka 2008 ilivuta macho. Walitia elektrodi kwenye maji yenye fosfeti na ioni za kobalti, wakapitisha umeme, na utando mweusi ukajijenga juu ya elektrodi na kuanza kutoa mapovu ya oksijeni. Kobalti inayomeguka wakati wa kazi hurudi kwenye utando palepale. Isitoshe, kobalti hupatikana kwa wingi kuliko rutheni, ambayo ni adimu sana. Umbo la kampaundi hii halifanani na lile fundo la jani. Kilichoigwa ni tabia yake.

Ipo pia titani dioksaidi, ambayo Akira Fujishima na Kenichi Honda waliitumia kupasua maji kwa mwanga mwaka 1972. Ni imara mno, ila hutumia mwanga wa urujuanimno tu, sehemu ndogo ya mwanga wa jua.

Upande wa fueli, wakemia huiga vimeng'enya vya bakteria vyenye chuma na nikeli ili kupata hidrojeni. Kwa kaboni dioksaidi, kundi la Jean-Marie Lehn lilionyesha miaka ya 1980 kwamba kampaundi ya metali iitwayo reni, ikimulikwa, huigeuza kuwa kaboni monoksaidi. Hiyo ni gesi ya sumu, mbali kabisa na sukari ya jani, lakini ikichanganywa na hidrojeni viwanda vinaweza kuigeuza kuwa fueli ya kimiminika kwa njia ya Fischer na Tropsch, inayojulikana tangu miaka ya 1920.