Kuongeza pampu sio kuongeza maji

Mji ukikua na maji yakaanza kuwa ya mgao, wazo la kwanza mezani huwa lilelile: ipo pampu moja kwenye chanzo, tufunge ya pili, maji yatakuwa mara mbili. Kazi yangu ni pampu za maji ghafi, yaani zile zinazovuta mtoni au ziwani kupeleka kwenye mtambo wa kusafishia, na hili wazo linakula hela nyingi sana za wananchi, inaniuma kwa kweli.

Pampu inatoa kile ambacho bomba limekubali kupitisha. Chukua mfano, kutoka usawa wa mto hadi kwenye mtambo ni mwinuko wa mita 40, pampu inatoa lita 100 kwa sekunde, na msuguano ndani ya bomba unakula mita 20 nyingine (presha ya pampu tunaipima kwa mita, yaani urefu inaoweza kupandishia maji). Jumla mita 60. Ule mwinuko haubadiliki, lakini msuguano unapanda kwa kipeo cha pili, kwahiyo ukitaka lita 200 kwenye bomba hilohilo msuguano hauwi 40, unakuwa 80, na jumla inafika 120. Hizo pampu mbili zitafikaje huko? Hazifiki. Kama presha ya juu kabisa ya kila moja valvu ikiwa imefungwa ni mita 80, ukipiga hesabu unapata kama lita 126. Yaani pampu nzima, mota, paneli, nyaya na fundi juu, kwa lita 26.

Haya, tuseme umeamua kununua pampu kubwa kabisa za kufika mita 120. Kwa ufanisi wa asilimia 75, mwanzo ulikuwa unatumia karibu kilowati 78, sasa utatumia kama 314, maji mara mbili kwa umeme mara nne, na bili hiyo inakuja kila mwezi mpaka pampu ife. Lakini ukilaza bomba la pili la saizi ileile sambamba na la kwanza, kila moja linabeba lita 100 zake, presha inabaki mita 60 na umeme ni kilowati 157. Na kama unabadilisha bomba lenyewe, kutoka milimita 300 kwenda 400 msuguano unashuka hadi chini ya robo kwa maji yaleyale. Kuchimba mtaro ni gharama, najua, ila hiyo unalipa mara moja.

Upande wa kuvuta ndio watu wanausahau kabisa. Pampu iliyokaa juu ya mto haivuti maji kama tunavyosema, ni uzito wa hewa unaoyasukuma kuingia, na hewa yote ya usawa wa bahari inaweza kubeba mita 10 na kidogo tu, ukipanda mlimani unapoteza karibu mita moja kila mita 1,000. Ukiongeza mtiririko, pampu yenyewe inadai presha zaidi pale mdomoni. Ikikosa, maji yanachemka yakiwa baridi, mapovu yanapasuka kwenye impela, yaani lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, ukisimama karibu unasikia kama kuna kokoto zinazunguka ndani. Fungua baadaye uone, chuma kimeliwa vishimo vishimo kama sifongo. Kwahiyo pima kina cha mto wakati wa kiangazi kikali, usipime masika ukafurahi.

Vifaa vya kubadilisha spidi ya mota navipenda, ila visiuzwe kama dawa ya kila kitu. Kwenye mfano wetu ukishusha spidi chini ya asilimia 70 hivi, pampu haifikishi tena zile mita 40 za mwinuko, itazunguka na kupasha maji moto bila tone kufika juu.

Halafu umeme ukikatika ghafla. Kwenye bomba refu la chuma, kila mita moja kwa sekunde ya mwendo inayosimama kwa mara moja inazaa mshtuko wa karibu mita 100 za presha. Ukiongeza mwendo wa maji umeongeza na huo mshtuko, kwahiyo valvu za hewa na tangi la kupokea mshtuko yaingie kwenye bajeti ileile ya pampu, sio awamu ya pili ambayo huwa haifiki.

Kabla ya yote hayo funga geji mbili za presha, moja kabla ya pampu na moja baada, na mita ya maji kwenye bomba kuu, chukua vipimo pampu ikiwa kazini. Mara nyingi unakuta impela imelika kwa mchanga au bomba limejaa kutu, na sehemu ya maji unayoyatafuta ipo hapohapo.