Skima ya maji chumvi: yanayosemwa Kigoma na yalivyo

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, huuliza swali lile lile: una ziwa zima hapo chini, maji ya bahari umeyatafutia nini? Akishakinai jibu langu, macho yanashuka kwenye kabati lililobeba tanki la samaki wa bahari, anaona mtungi wa plastiki unaotokota povu bila moto. Na hiki je?

Hiki ni skima, kwa jina kamili skima ya protini, na mpishi yeyote anaijua kazi yake. Ukibandika supu ya nyama, dakika za mwanzo hupanda povu la kijivu. Mpishi mzuri huliengua akalimwaga, kwa sababu akilikoroga ndani, supu imechafuka. Skima nayo inaengua. Pampu yake inavuta hewa, inaikatakata kuwa vipovu vidogo mno na kuvisukuma kwenye mtungi uliojaa maji ya tanki. Molekuli za protini na mafuta, zinazotoka kwenye kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na ute wa matumbawe, zina ncha mbili: moja inapenda maji, nyingine inayakimbia. Ile inayoyakimbia hung'ang'ania hewa. Vipovu vinapanda na mzigo huo, vinabanana shingoni, maji safi yanachuruzika kurudi chini, na uchafu unamwagikia kikombeni. Kinachobaki kikombeni ni maji ya kahawia yanayonuka kama ndoo ya dagaa iliyosahauliwa juani.

Tatizo ni kwamba mashine hii ni ngeni kwetu, na kitu kigeni huja na maneno mengi. Mengine nimeyasikia, mengine niliyaamini mwenyewe mpaka pesa ikanitoka.

Dhana: "Hata samaki wetu wa ziwani itawafaa."

Jirani yangu anafuga Tropheus, samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, na alikuwa tayari kuagiza skima. Nilimzuia. Kweli maji ya Ziwa Tanganyika si kama ya ziwa lolote. Ni magumu, pH yake inakaribia 9, na ukiyachemsha sana sufuria inabaki na ukoko mweupe. Ndiyo maana watu husema yana chumvichumvi. Lakini ukipima, lita moja ina madini yaliyoyeyuka kama nusu gramu hivi au zaidi kidogo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu chumvi nyingi huzuia vipovu kuungana. Kwenye maji yasiyo na chumvi, vipovu viwili vikigusana vinakuwa kimoja, kile kinakutana na kingine, na baada ya sentimita chache una mabofu ya hewa yanayokimbilia juu bila kubeba chochote. Fanya hesabu: hewa iliyomo kwenye kipovu kimoja cha milimita 5 inatosha vipovu 1,000 vya nusu milimita, na hivyo 1,000 vikijumlishwa vina uso mara kumi wa kushikia uchafu. Skima inaishi kwa uso huo. Kwenye tanki la maji ya ziwa utapata kelele na kikombe kikavu.

"Mbona povu tunaliona ziwani, pale Kibirizi?" jirani aliniuliza. Tunaliona, siku kusi likivuma. Lakini lile limesukwa na mawimbi yaliyotembea kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600. Pampu ya wati 15 haina nguvu hizo. Kwa samaki wa ziwani nunua kichujio cha sponji, badilisha maji kila wiki, pesa inayobaki kalipie ada ya watoto.

Dhana: "Chumvi ni chumvi. Uvinza pale, kilo ngapi unataka?"

Hii ni ya kwetu kabisa, na inaeleweka, maana chumvi imepikwa Uvinza kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nayo ni chumvi nzuri. Kwenye mboga.

Maji ya bahari ni zaidi ya chumvi ya mezani. Kila lita ina takriban miligramu 400 na kitu za kalsiamu na karibu 1,300 za magnesiamu, pamoja na potasiamu, salfeti na vingine. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu hiyo. Ukilitia kwenye maji ya chumvi ya mezani peke yake litakufa, hata kama kipimo chako cha uzito wa maji kinasoma 1.025 sawasawa.

Na skima itakudanganya hapa. Chumvi ya kawaida nayo huzuia vipovu kuungana, kwa hiyo povu litapanda vizuri tu na utadhani mambo yako sawa. Skima haijui kama tumbawe linakufa. Tumia chumvi maalumu ya akwaria (tanki la samaki) ya bahari, hata kama inasafiri kutoka Dar es Salaam umbali wa kilomita 1,250 kwa reli.

Dhana: "Boksi linasema lita 1,000, tanki langu ni lita 240, basi nimejiwekea akiba."

Hapa ndipo nilipoliwa.

Namba ya lita kwenye boksi ni makadirio ya kiwanda chenyewe. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinalazimika kukifuata, kwa hiyo lita 500 za huyu si lita 500 za yule. Halafu skima haihesabu lita, inahesabu uchafu. Chukua matanki mawili ya lita 240. La kwanza lina samaki wawili wadogo na matumbawe laini, wanalishwa kidogo mara moja kwa siku. La pili lina samaki wanne aina ya kangaja wanaokula asubuhi, mchana na jioni. Maji ni yale yale, lakini la pili linahitaji skima yenye nguvu maradufu.

Mimi nilikuwa na lile la kwanza. Nikaagiza skima ya lita 1,000 kwa mantiki ya kununulia mtoto viatu vikubwa ili akue navyo. Siku nne, wiki, siku kumi: povu linapanda mpaka katikati ya shingo, linatikisika, linaanguka. Kikombe kikavu. Nikashusha, nikapandisha, nikafungua hewa, nikafunga. Skima ilikuwa nzima kabisa. Shingo yake pana ilihitaji uchafu mwingi ili povu lisimame, na mimi sikuwa nao. Niliuza kwa hasara nikachukua ndogo, na asubuhi ya tatu kulikuwa na kidole kimoja cha kahawia kikombeni. Sikuwahi kudhani ningefurahia harufu ile.

Siku hizi nahesabu hivi: toa nafasi ya mawe na mchanga, tanki la lita 240 linabaki na maji kama lita 200. Ukilisha kidogo, tafuta skima iliyoandikwa karibu na hiyo namba. Ukilisha sana, nenda hadi mara mbili yake. Zaidi ya hapo unanunua fahari.

Kisha kabla hujalipa, chukua futi kamba. Skima nyingi hukaa ndani ya sampu, lile tanki dogo la chini, na kila moja ina kina chake cha maji, kwa mfano sentimita 18 hadi 22. Kina kikizidi, povu linakuja na maji mengi, kikipungua, halifiki. Na kwa kuwa maji ya sampu hupungua kila siku kwa mvuke, iweke kwenye chumba chenye kizuizi kinachoshikilia maji usawa mmoja. Pima pia urefu wa kabati. Seremala wangu alitengeneza nafasi ya sentimita 50 kwa skima ya sentimita 48, tukashikana mikono, kila mtu ameridhika. Kikombe hutoka kwa kunyanyuliwa juu. Sentimita mbili hazitoshi. Alirudi na msumeno.

Dhana: "Pampu ni pampu, ya Marekani ndiyo imara."

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Pampu iliyotengenezwa kwa volti 120 itaungua. Ukiiwekea transfoma haitaungua kwa volti, lakini hezi hazibadiliki: pampu ya kawaida iliyokusudiwa hezi 60 itazunguka polepole zaidi na kuvuta hewa kidogo. Soma kibandiko.

Dhana: "Imewaka siku mbili, haijatoa kitu. Ni mbovu."

Skima mpya hutoka kiwandani ikiwa na mabaki ya mafuta kwenye plastiki, na huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla haijatulia. Iache. Usiichezee kila saa kama redio.

Mafuta ni adui hata baadaye. Unajua maharage yakitaka kufurika jikoni watu hudondoshea tone la mafuta, povu likanywea? Kwenye skima ni hivyo hivyo. Nilishapanga upya mawe ya tanki baada ya kula samaki wa mawese, mikono nimenawa kwa haraka haraka tu. Povu lilianguka papo hapo na halikurudi mpaka kesho yake mchana. Hapa kwetu mawese yako kila mahali, basi nawa mpaka kwenye kiwiko. Ila sabuni nayo isuuze yote, kwa kuwa yenyewe inafanya kinyume: povu litafurika.

Dhana: "Ukiwa na skima, naitreti basi."

Skima haigusi naitreti, yale mabaki ya uchafu uliokwisha kuvunjwa na bakteria. Haigusi amonia wala fosfeti iliyoyeyuka, kwa sababu hizo hazing'ang'anii hewa. Inachofanya ni kuondoa sehemu ya uchafu kabla bakteria hawajauvunja ukafika huko. Na ni sehemu tu. Ken Feldman, mwanakemia wa Pennsylvania State University, alizipima skima kadhaa akakuta zinatoa asilimia 20 hadi 30 hivi ya kaboni ya kioganiki, yaani uchafu utokanao na viumbe, iliyomo majini, na alizozilinganisha hazikupishana sana. Inayobaki hushughulikiwa na bakteria, mwani, mkaa wa kuchujia, na wewe mwenyewe na ndoo yako.

Namba hiyo inawajibu pia wale wanaoogopa upande wa pili, kwamba skima inanyonya kila kitu mpaka matumbawe yanashinda njaa. Robo ya uchafu hivi haiwezi kuwa kila kitu.

Kwa hiyo je, ni lazima? Kwa tanki la lita 80 lenye matumbawe laini na samaki mmoja, hapana. Badilisha asilimia 10 au 15 ya maji kila wiki. Lakini kwetu chumvi ya akwaria ni ghali kufika, na mimi naona skima inajilipa kwa chumvi inayookoa, maana maji nabadilisha kidogo. Wa Dar es Salaam anaweza kuamua vingine.

Dhana: "Umeme ukikatika skima inalala, ukirudi inaamka. Shida iko wapi?"

Shida iko kwenye mkeka wa mama mkwe. Umeme ulikatika usiku, maji ya tanki la juu yakashuka kwenye sampu kama ilivyo kawaida yake, kina kikapanda sentimita sita. Ulipokuja saa kumi alfajiri, skima ikaamkia kwenye maji marefu kabla pampu kubwa haijayarudisha juu. Ikatapika. Kikombe kikajaa, mpira wa kutolea ukajaza dumu la lita moja, na dumu likamwaga uchafu wa siku tano kwenye mkeka uliotoka Tabora wiki ile ile. Mama hakusema kitu. Alifungua madirisha yote, akakaa nje.

Sasa skima yangu iko kwenye soketi yenye taima inayosubiri dakika kumi baada ya umeme kurudi, na dumu lina boya linalokata umeme likijaa. Na ukiwa na betri moja tu ya dharura, usiipe skima. Ipe pampu ndogo ya hewa. Samaki watavumilia uchafu siku nzima. Bila oksijeni hawatafika asubuhi.

Dhana: "Hewa ni hewa."

Mpira wa hewa wa skima yangu ulikuwa karibu na mlango wa jikoni. Kila jioni mkaa ukiwashwa, pH ya tanki inashuka kutoka 8.2 hadi 7.9, nami nanunua dawa za kuipandisha. Skima huchanganya hewa na maji kuliko kifaa kingine chochote tankini, kwa hiyo hewa ikijaa kaboni dayoksaidi, maji nayo yanaijaa. Niliunga mpira wa mita mbili, nikautoa nje dirishani. Dawa zile bado ziko kabatini, nusu chupa. Kila mwezi naupitisha mpira huo maji ya moto kidogo, maana chumvi huganda mdomoni mwake na hewa ikipungua povu nalo linapungua. Majirani wakisikia nikipuliza mpira dirishani saa moja asubuhi, wanajua skima imeziba tena.